Jina la Mutoto na Vyumba vya Juu ya Buvette

Jumatano, tarehe 6 Novemba 2019

Mutoto ametoa mukono ndani ya kitambaa sasa hivi, amefunga ngumi, ameiinua juu, halafu amelala tena. Vile kabisa arbitre, refari wa baseball, anafanyaga akisema muntu ametoka. Siku tatu tu hapa duniani, na tayari anakata maneno. Nimeona ni alama nzuri. Nimechukua cahier niandike.

Bon. Mambo iko hivi. Tunakaa chumba kimoja huku ugenini, nyuma ya station ya train, Gare du Midi, ngazi nne za kupanda, mimi na bwana yangu Guylain, na sasa huyu bwana mudogo. Mwenye nyumba anauzisha. Ametuomba tutoke mwisho wa mwezi, kwa upole sana, sawa muntu anayeomba chumvi. Kule Ganshoren, pa uwanja wa baseball ambapo Guylain anakataga majani kila Jumamosi, concierge wa zamani, mwenye kuchunga mahali, ameenda kupumuzika pa bahari. Vyumba vyake viko wazi, juu ya buvette, baa ya club. Vyumba viwili, na bafu. Na dirisha ya kuangalia majani.

Comité itachagua concierge mupya Jumamosi tarehe 16, pa chakula cha kufunga saison ya mechi. Comité ni watu watatu. Président ni Monsieur Jean-Pierre, mzee aliyeendesha tram maisha yake yote. Secrétaire ni Madame Lucienne. Wa tatu ni Florent, kocha wa vijana. Wamesema wanataka muntu mwenye kupenda baseball. Mimi nilisafisha vestiaires zao, vyumba vya kubadilishia nguo, miezi sita mpaka tumbo ikanizuia, na sikuelewa hata siku moja kwa nini watu wazima wanakimbia hivi ili kurudia pale pale walipotoka.

Émérance naye ameomba ile kazi. Ni dada wa Bukavu, tunaimba naye chorale moja, na ni yeye anafuaga maillots, nguo za wachezaji wa club. Iko na fer à repasser, pasi yake, na sauti ya soprano. Mimi niko na mutoto asiye na jina. Tutaona.

Maana kwetu, ukimupa mutoto jina ya muntu, ule muntu anakuwa ndoyi wake. Na ndoyi haachi ndoyi wake alale pa baridi. Haiwezekani. Guylain anataka mutoto aitwe Mukendi, sawa marehemu baba yake. Lakini commune, ofisi ya serikali, inatupa siku 15 za kuandikisha, mpaka Jumatatu tarehe 18. Nimemuambia tusikimbie.

Mutoto ataitwa Jean-Pierre.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Nimeenda Ganshoren na mutoto kifuani. Sage-femme, mukunga wangu, alisema nipumuzike. Nimepumuzika ndani ya bus.

Nikamukuta Monsieur Jean-Pierre anapaka banc rangi. Nikamuelezea habari ya ndoyi polepole, sawa catéchisme. Akaweka pinceau chini. Akasema apana, madame, nakuomba. Masomoni walikuwa Jean-Pierre saba ndani ya classe moja, maître akawapa numéro, yeye alikuwa Jean-Pierre Cinq, wa tano, mpaka akamaliza masomo. Mutoto anastahili jina safi.

Nikaona vyumba vinaenda. Nikamuuliza haraka, kama ingekuwa yeye baba, angemupa jina gani. Hakufikiri. Akasema Armando.

Halafu akanikalisha mbele ya télé. Anatengeneza film ya chakula cha Jumamosi, matukio makubwa ya hii miaka kumi inayoisha. La kwanza ni la Juni 2010, kule Detroit. Lanceur, ni ule anayerusha mupira, kijana wa Venezuela, Armando Galarraga. Watu 26 wamekuja na fimbo mbele yake, na hakuna hata mumoja aliyefika pa base, kile kituo cha kukimbilia. Amebakiza mumoja; akimutoa na huyo, ni match parfait, match kamili. Kuna walanceur wanazeeka bila kufanya hata moja. Wa 27 anapiga, mupira unarudishwa, Armando mwenyewe anaukamata, mguu wake pa base mbele ya ule mwenye kukimbia. Kila muntu anaona. Na arbitre anafungua mikono: amefika. Amekosea.

Nilingojea vita. Kwetu Likasi, kwa kosa kama lile, arbitre angetoka uwanjani kwa polisi. Armando anacheka kidogo tu. Cheko ya muntu aliyekanyagwa mguu ndani ya bus na mumama mwenye mizigo. Anarudi kurusha mupira.

Arbitre akaangalia film baada ya match, akasema mbele ya watu wote, nimekosea, nimemunyanganya kijana match yake. Akamukumbatia na machozi. Kesho yake, wakamutuma Armando amupelekee ule ule arbitre karatasi ya majina ya wachezaji. Arbitre analia pale katikati ya uwanja, anapanguza macho, anamugusa bega.

Na mimi nililia. Ile haikuwa ndani ya mupango.

Nikamuambia Monsieur Jean-Pierre: bon, mutoto ni Armando. Moja tu, hakuna lingine. Akamubeba. Voix moja, kura ya kwanza.

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Baada ya misa Émérance akaniuliza jina ya mutoto mbele ya chorale nzima. Nikasema ni siri ya familia. Akauliza, siri ya familia ao siri ya vyumba? Ma-alto wote wakacheka. Nikamuambia ashughulike na maillots zake. Akanijibu ziko safi, aksanti, asanteni wote wanaouliza. Sijue huyu dada anatafuta nini Ganshoren. Iko na appartement pa Flagey, na mama yake, na ascenseur, lifti, ingali mupya. Tamaa, ni vile tu.

Halafu nikapita pa soko ya Gare du Midi, nikaona Madame Lucienne pa meza ya olives. Alikuwa infirmière wa hospitali, sasa ni retraitée, ameacha kazi, mumama munene wa heshima. Nikamusalimia, nikamuonyesha mutoto, nikasema anaitwa Ar...

Akanikata. Akasema anajua Jean-Pierre anatangaza jina ya Armando wake kila mahali, mambo ya kulialia, ajabu watu wanapenda kulia. Yeye kwake hii miaka kumi ni siku moja tu, tarehe 7 Mei 2016. Akaweka sachet ya olives chini, akanisimulia pale katikati ya watu, wauza nguo wakisikiliza.

Bartolo Colón, wa République dominicaine. Lanceur. Inabaki siku kidogo atimize miaka 43, tumbo mbele sawa la mwenye hôtel. Walanceur hawajue kupiga, na yeye zaidi. Akipiga, casque inaruka kichwani. Watu wanamupenda lakini wanamucheka. Basi siku ile, San Diego, anapiga, na mupira unaenda, unaenda, unatoka uwanjani kabisa. Ya kwanza maishani mwake. Hakuna muntu wa umri ule amekwisha kupiga ya kwanza yake. Alizunguka uwanja polepole, bila haraka yoyote, sawa muntu anaenda kupokea communion. Na wenzake wakajificha wote, akakuta banc tupu, halafu wakatokea kumukumbatia.

Madame Lucienne akaniambia, ma fille, binti yangu, sisi wanene, tangu masomoni watu wanatuambia tukae kando. Ule hakukaa.

Macho yake yalikuwa maji-maji, yeye asiyependa mambo ya kulialia. Ungefanya nini? Nikamuambia alisikia vibaya. Mutoto ni Bartolo. Moja tu.

Njiani nikamuangalia mutoto vizuri. Mashavu iko nayo.

Jumanne, tarehe 12 Novemba

Florent amepanda ngazi zote nne na poussette, gari ya mutoto ya dada yake, begani, hata pumzi haikupanda. Kijana mwembamba, anapangaga hata chaussettes, soksi zake, kwa mustari. Nilikuwa na haya juu ya nguo za mutoto zilizokuwa pa kamba juu ya kitanda. Hakuangalia. Akasema tu, vyumba vya kule vina mahali pa kuanika.

Nikamuuliza sasa, yeye anayejua, muntu mukubwa wa hii miaka kumi ni nani. Akakaa pembeni ya kitanda. Akasema Ichiro, kwa sauti ya chini, vile watu wanatajaga mutakatifu.

Akanionyesha pa téléphone. Ichiro Suzuki, Mujapani. Alipiga mipira mizuri zaidi ya 3000 kule Amerika, na alifika kule akiwa tayari muntu mukubwa kwao. Fimbo zake anaziweka ndani ya mallette, sanduku maalum, ili unyevu usiziharibu. Haitupi fimbo chini. Florent anasema muntu anayeheshimu chombo chake, utajua vile anaheshimu watu. Na mwezi wa tatu wa mwaka huu, Tokyo, miaka 45, match yake ya mwisho. Wanamuita atoke, anakuja polepole, wenzake wanamukumbatia mumoja mumoja, kijana mumoja Mujapani analia begani mwake. Match inaisha, na watu hawaendi. Wanabaki wote pa viti, wanangoja. Mpaka anarudi, anazunguka uwanja, anawapungia mukono.

Nikafikiri: kumbe kuna kazi ambayo ukiiacha, watu wanakataa kwenda kwao. Mimi nilipoacha vestiaires, walinunua machine.

Florent aliniuliza jina ya mutoto. Jamani.

Nimesema Ichiro. Akanyanyuka, akamusalimia mutoto kwa kuinama. Voix tatu kwa tatu. Émérance apige pasi tu.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba

Mambo imeharibika kidogo.

Émérance amepiga simu. Sauti ya asali. Akasema Monsieur Jean-Pierre amemupa maillot kidogo sana, ya bébé, amubandikie jina ARMANDO kwa fer. Nikasema vizuri. Akasema Madame Lucienne amemuletea ingine, BARTOLO. Akasema na Florent ameleta ya tatu, na hii jina aliiandika mara mbili ili asikosee. Akaniuliza, dada Darlène, ulizaa wangapi? Nikamuambia réseau ya simu ni mubaya, nikakata.

Nimefikiri sana. Nimepata: mutoto ataitwa Armando Bartolo Ichiro. Nimemuambia Guylain akila, nikijua akila iko mupole. Akatafuna, akameza, akaniuliza, na baba yangu atakaa wapi, pa banc ya remplaçants, wale wa kungojea kuingia?

Nikasema ni juu ya vyumba. Akasema anajua ni juu ya vyumba. Hakukasirika, na ni hiyo inaniuma. Akaenda kukunja nguo za mutoto, zile zilizokuwa zimekunjwa tayari. Akasema tu, baba yake alipokufa yeye alikuwa huku anangoja papiers za kukaa, hakuweza kwenda kumuzika. Alimuahidia jina, kwa téléphone. Ni kitu kimoja tu alimuahidia.

Nimemupa mutoto amubebe. Sikuwa na kitu kingine cha kumupa.

Jumamosi sitaenda. Nitakuwa mugonjwa. Mgongo.

Jumapili, tarehe 17 Novemba

Nilienda. Guylain alisema muntu anayeomba nyumba anaonyesha uso. Donc nikatengeneza mupango ingine njiani: wakinikamata, nitalia sawa ule arbitre wa Detroit. Mbele ya watu, nimekosea, machozi, wanakumbatia, imekwisha.

Buvette ilijaa. Télé kubwa, film ya Monsieur Jean-Pierre, watu wanapiga meza kila tukio. Walipoonyesha wale wa Chicago wa 2016, miaka 108 bila kushinda, halafu mvua inawasimamisha dakika 17, wanajifungia chumbani wanapeana moyo, wanatoka wanashinda, mzee mumoja pa meza yangu alifunga macho, akasema alingoja ile siku tangu alipokuwa mutoto, na Chicago hajafika hata siku moja. Kuna mambo mengi sikujua katika hii mupira. Wanarudia pale walipotoka, ndiyo, lakini uone vile wanakuwa njiani.

Halafu Monsieur Jean-Pierre akasimama na maillot mudogo, akasema kuna mugeni mudogo wa kupokea, anaitwa Armando. Madame Lucienne akasimama na wake, akamuambia akae, ni Bartolo. Florent naye alikuwa amekwisha kusimama. Maillot tatu hewani. Watu 80 wakaniangalia. Émérance alikuwa pa mulango wa cuisine na sahani ya sambusa, hakutikisika.

Nikaanza kulia, sawa nilivyopanga. Machozi hayakutoka. Nikafinya macho, hakuna kitu. Ndipo mutoto akaamuka, akalia yeye, kweli kweli, ya njaa, na nikasikia aibu ikinipanda toka miguuni, na mimi sasa nikalia bila kujua kufunga. Nikasema nilidanganya watu wote watatu. Nikasema mutoto hana jina, nilikuwa nikilitembeza sawa mayai. Nikasema tunatoka mwisho wa mwezi na sijue tutaenda wapi.

Guylain akasimama. Yeye hasemagi mbele ya watu. Akasema kwa kifaransa, mutoto anaitwa Mukendi, ni jina ya babu yake, alikuwa machiniste, aliendesha train kule Lubumbashi miaka 30, na hakuchelewa hata siku moja.

Monsieur Jean-Pierre akaweka maillot mezani. Akauliza, hata siku moja? Guylain akasema hata moja. Mzee akauliza tena, hata siku ya mvua kubwa, njia ikiwa maji matupu? Hata hiyo, aliamuka masaa mawili mbele. Mzee akavua casquette. Akasema yeye ndani ya tram, miaka 38, alichelewa mara nyingi sana, na hakuna mvua ya kusema. Akauliza lile jina linaandikwa vipi. Akaliandika pa mukono wake, na bic.

Nilifikiri imekwisha vizuri. Halafu Madame Lucienne akasema tena ni Bartolo tu aliyefaa film nzima, Florent akajibu, mzee naye akaingia, wakasahau mimi kabisa, wakabishana mpaka dessert. Pa dessert wakasoma décision: kazi ni ya Émérance.

Niliangalia sahani yangu. Guylain akanishika mukono chini ya meza.

Émérance akaja pa meza yetu, akajipanguza mikono. Akasema, dada, utahama lini? Nikafikiri ananicheka. Akasema hajaomba vyumba hata siku moja. Mama yake ni mugonjwa wa magoti, ngazi ataziona kwa picha tu. Yeye aliomba buvette, maana anapenda watu wakila chakula chake. Amewaambia comité: buvette ni yake, vestiaires na vyumba ni vya Darlène, ao watafute muntu mwingine wa sambusa. Wakakubali mbele hajamaliza.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema hukuniuliza. Ulikuwa na kazi mingi ya kuzaa watatu.

Akanicheka, ndiyo. Halafu akamubeba mutoto, akamuimbia kidogo. Ile soprano, kusema ukweli, ni nzuri sana. Nilikuwa najua tangu zamani.

Jumatatu, tarehe 18 Novemba

Guylain iko commune tangu asubui, amevaa veste ya ndoa. Ni siku ya mwisho. Mutoto ni Mukendi. Nimeapa. Naandika hapa ili nisisahau: jina ya mutoto si funguo ya nyumba. Nyumba tumepata kwa sababu ya Émérance, na ya baba mukwe ambaye sikumujua, aliyekuwa anaamuka masaa mawili mbele. Mimi na akili zangu, ilibaki kidogo tuikose. Nimekuwa muntu mwingine. Nasikia hata katika mwili.

Jana tulienda kuona vyumba. Ni vizuri sana. Majani yote ya uwanja iko dirishani, na mustari mweupe wa mwisho unaonekana. Ila chauffage, chombo cha kupasha nyumba moto, imekufa. Club ina muntu wake wa chauffage, tonton Hamissi, Mutanzania, Kiswahili chake kimenyooka sawa reli. Akagonga chombo kidogo, akasikiliza, akasema, "Pole sana, dada yangu, huyu ameshachoka. Nitarudi kumtengeneza Januari, nikipata nafasi." Januari. Na mutoto wa wiki mbili. Nikamupa chai. Akakaa, akamuangalia mutoto muda murefu. Akasema yeye Mungu alimupa mabinti watano, anawapenda wote, lakini jina lake litaishia kwake, hakuna aliyelibeba.

Nilisikia, nikamuongezea chai tu. Mimi ni muntu mwingine sasa.

Lakini muntu anaweza kuwa na majina mawili. Haikatazwi. Mukendi mbele, kabisa, hakuna wa kumugusa. Nyuma yake tu, kidogo, hata kwa herufi ndogo. Na ndoyi hawezi kungoja Januari, haiwezekani. Hii si mupango. Ni heshima. Halafu Florent alisema umeme wa kule unapelekwa na mukubwa mumoja, na huyo jina lake la kwanza ni fupi sana, halitachukua nafasi.

Téléphone inalia. Ni Guylain. Iko mbele ya guichet, dirisha ya kuandikisha, anasema madame ameshika bic, niseme haraka kama ni Mukendi tu. Nitamuambia ndiyo, Mukendi, halafu pa pembeni aongeze Hamissi, na kama mustari haujajaa, basi aongeze tena